Tairi Si Donge la Unga

Jina la Mama Chachu alibandikwa na wateja. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, la heshima, ila limebaki kwenye cheti cha darasa la saba na kwenye kinywa cha mumewe anapotaka kuomba samahani. Mtaani ni Mama Chachu. Kwa ajili ya mikate yake, wasema wapole. Kwa sababu akiingia mahali palipotulia lazima paumuke, wasema waliowahi kubishana naye.

Miaka kumi na tisa alioka mikate katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Kilikuwa na dirisha moja dogo, meza ndefu ya mbao iliyotegemezwa mguu kwa kipande cha kigae, na tanuri la matofali lililokula ukuta mzima. Kipimajoto hakuwa nacho. Kipimo chake kilikuwa kidole gumba. Akiubonyeza unga, shimo likirudi polepole, umeiva kuingia motoni. Likirudi upesi, bado. Lisiporudi, umeumuka kupita kiasi, upigwe ngumi utoe hewa, uanze upya. Kidole hicho kiliwalisha watoto watatu na kumfikisha wa mwisho chuo cha ualimu, kwa hiyo alikiamini kuliko alivyowaamini watu wengi wenye vidole kumi.

Kisha mwenye nyumba akafariki, na mrithi wake akaja na kamba ya kupimia. Chumba kinavunjwa, akasema. Mama Chachu hakulia. Kulia kunataka nafasi, na yeye alikuwa ameshaanza kuhesabu matofali. Akamtafuta mchomelea vyuma, akamwambia amtengenezee tela la magurudumu mawili lenye sakafu ya bati nene na kitanda cha mchanga juu yake. Tanuri likahamishwa tofali kwa tofali, likasimamishwa juu ya tela na kufungwa mikanda ya chuma. Mumewe, ambaye ni fundi saa na huzungumza kwa kubana kama mashine anazozitengeneza, alilizunguka mara mbili akasema, "Limesimama." Hiyo kwake ni hotuba.

Sasa tanuri likawa na magurudumu, lakini halina pa kwenda. Mara zikaja habari kutoka kwenye kambi ya wajenzi wa barabara huko juu mlimani. Watu sitini na zaidi walikuwa wanakula mikate ya siku tatu, migumu kama kokoto wanazozishindilia. Mnyapara wa kambi alimwambia kwa simu:

"Mama, njoo Jumamosi. Saa sita juu ya alama napuliza filimbi. Watu wangu wakute mkate wa moto, uliookwa hapa hapa, si wa kuletwa. Ukiweza, nafasi ni yako mpaka barabara iishe, miaka miwili. Usipoweza, yuko mwenzako ananipigia simu kila siku."

"Huyo mwenzangu mwambie apumzishe simu yake," akajibu Mama Chachu, akakata.

Hivyo ndivyo alivyojikuta, siku ya Jumatano asubuhi, mbele ya karakana ya matairi, yeye na shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa na gari: gari la kazi, refu kwenda juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, zee lakini lenye moyo. Watu humwita Mng'aro. Analiosha gari kabla ya kunawa uso, na viatu vyake vyeupe huvivua akipita kwenye vumbi, akatembea peku ili viatu visichafuke. Alikubali kulikokota tela bila kinyongo. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kwa kuwa matairi ya gari yamekwisha na ya tela ni ya kuazima, matairi mapya achague yeye.

"Shemeji, haya hapa," akasema, ameshakumbatia tairi pana lenye ukingo mwembamba, lililovishwa rimu ya kung'aa kama sinia la harusi. "Angalia upana. Haya yakikanyaga, barabara inaomba radhi."

"Mazuri," akakiri Mama Chachu. Kidole gumba kikaenda chenyewe kubonyeza. "Laini laini. Yatakaa vizuri."

"Yatakaa vizuri kwenye picha," ikasema sauti kutoka chini ya lori.

Akatoka mtu mwembamba, mwenye mvi za nyusi tu, geji ya kupimia upepo inaning'inia shingoni kwa kamba kama hirizi. Bwana Geji. Jina lingine watu wamelisahau. Ana sifa mbili. Ya kwanza, hajawahi kumwuzia mtu tairi lisilomfaa. Ya pili imetokana na ya kwanza: wateja wengi hutoka kwake wamenuna.

"Mnakokota nini?"

"Tanuri," akasema Mama Chachu.

"La kilo ngapi?"

"Fundi, mimi napima unga, sipimi tanuri. Ni zito. Wanaume sita walilisukuma wakaomba maji."

"Wanaume sita si kipimo, mama. Siku hizi wanaume sita ni nusu gunia." Akajifuta mikono. "Matofali mangapi?"

Hapo alimpatia. Mama Chachu alilijua tanuri lake kama mtu anavyoyajua meno yake. "Mia moja na themanini. Na nane ya mdomoni, yaliyokatwa."

Bwana Geji akamtuma Mng'aro nyumbani kuleta tofali moja lililosalia. Likapandishwa kwenye mizani ya vyuma chakavu iliyokuwa pembeni: kilo tatu. Akaandika kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akaongeza mchanga, chuma, mlango, bati, magunia sita ya unga, kuni, maji, tela lenyewe. Akapiga mstari.

"Kilo elfu moja na mia saba. Magurudumu mawili. Kila moja libebe mia nane na hamsini kabla halijakutana na shimo." Akaligeuza lile tairi la Mng'aro, akaonyesha namba ndogo ubavuni. "Hii namba watu huipita kama maandishi ya nyuma ya dawa. Inasema tairi hili linabeba kilo mia nane na ishirini na tano, basi. Limeshashindwa likiwa limesimama."

"Kilo ishirini na tano ni kitu gani?" akasema Mng'aro. "Shemeji ataacha kiroba kimoja cha unga."

"Utaacha wewe kiti chako," akasema Mama Chachu. "Unga wangu hauachwi."

Bwana Geji alikuwa ameshawasha taa ya maneno yake, naye akiwasha hazimwi upesi. Rimu hizo pana, akasema, zinatokeza nje ya bodi kama masikio, mzigo wote unaenda kuning'inia kwenye beringi, na beringi zikichoka huanza kulia njia nzima kama mtoto aliyenyimwa. Ukingo mwembamba wa tairi ukipiga jiwe, rimu ndiyo inayopokea kofi. Ukichukua tairi kubwa kupita lililopangwa, injini inakokota tela na inakokota ukubwa wa tairi lenyewe, mlimani utapitwa na kuku. Na katika gari linalovuta kwa magurudumu yote, akasema huku amemkazia macho Mng'aro, matairi manne yawe ndugu wa tumbo moja, kimo kimoja, ama sivyo mitambo ya chini inavutana kama wake wenza.

"Sasa unatupa nini?" akauliza Mama Chachu, ambaye hupenda mtu anayejua kazi yake ila hapendi ajue kwa muda mrefu.

Akawaonyesha. Yalikuwa membamba kidogo, meusi tii, yenye mbavu nene na ngumu, kwenye rimu za chuma zilizopakwa rangi ya majivu. Namba ya ubavuni ilisema kilo elfu moja mia mbili na hamsini. Rimu zilikuwa na matundu sita, gari na tela sawasawa, ili tairi moja la akiba liwatumikie wote.

Mng'aro aliyatazama kama mtu aliyeonyeshwa mchumba asiyemtaka. "Fundi, haya ni matairi ya kubebea mawe."

"Na shemeji yako amebeba nini?"

Mama Chachu akabonyeza. Kidole hakikuingia hata chembe. "Mbona magumu hivi? Kama mkate wa jana."

"Huo ugumu ndio unaoununua, mama. Tairi la kukokotea ubavu wake usiyumbe. Ubavu ukiyumba, tela linayumba. Tela likiyumba, gari linalifuata." Akachukua chaki tena, akaandika juu ya kila gurudumu, kwenye bodi. Mbele: 36. Nyuma ya gari, panapolaliwa na shingo ya tela: 48. Tela: 55. "Huu ndio upepo. Mpime asubuhi kabla gari halijatembea. Asubuhi tu. Kwa sababu tairi likishakimbia..."

"Nimekuelewa," akasema Mama Chachu.

"Sijamaliza."

"Fundi, nina unga wa kununua. Upepo asubuhi, namba hizi hapa, nimekuelewa. Tufungie."

Bwana Geji akamtazama, akaitazama chaki yake, akafunga. Akawapa geji ndogo na pampu ya mguu, akarudi chini ya lori. Nusu ya sentensi yake ilibaki ikielea pale karakana.

Jumamosi waliondoka kumi na mbili na robo, jua limeshachungulia. Upepo ulipimwa: geji na chaki vilikubaliana. Unga ulikuwa umekandwa, umelazwa kwenye mabeseni manne makubwa kwenye kiti cha nyuma, umefunikwa shuka. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Safari ya saa tatu kwa mwendo wa kukokota, wafike saa tatu na nusu, tanuri liwake kwa muda wa saa moja na nusu, mikate iingie saa tano, na saa sita filimbi ikilia mikate iko mezani.

"Shemeji," akasema Mng'aro baada ya kilomita thelathini, "hiki kiumbe chako cha nyuma kinanigusa shingo."

"Ni unga unaumuka. Usigeuke, utautia haya."

"Unapumua, nakuambia!"

"Bora yeye anapumua na kunyamaza. Wewe unapumua na kusema."

Walicheka, na kweli safari ilikuwa tamu. Gari lilikaza mwendo bila kulalamika, tela lilifuata kimya kama bibi harusi. Walipofika kwenye kibanda cha kuuza maji njiani, wakasimama kunyoosha miguu. Mama Chachu, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akawa hawezi kupita karibu na kitu kilichojaa hewa bila kukijulia hali. Akaliwekea kidole gumba tairi la tela.

Akakiondoa upesi. Lilikuwa la moto.

Akachukua geji. Sitini na moja.

"Shemeji! Njoo uone. Fundi alisema hamsini na tano. Hili limefika sitini na moja!"

Mng'aro akaja, akasoma chaki, akasoma geji, akakuna kichwa. "Limetoka wapi? Hatujalitia upepo sisi."

"Limeumuka," akasema Mama Chachu, na hakuna binadamu aliyewahi kusema neno kwa uhakika zaidi. Alilijua jambo hili. Kitu kiko mahali pa joto, kimejaa hewa, kinapanda. Ukikiacha kinapanda tu, mpaka kinapasuka juu. Dawa yake ni moja tangu enzi za bibi yake: kitolewe hewa mapema. "Likiachwa hivi litapasuka. Tulipunguze."

"Fundi hakusema kupunguza."

"Hakusema kwa sababu hajui tunapita kwenye jua. Fungua hicho kifuniko."

Upepo ukatoka tssss, tena kwa raha. Wakapunguza ya tela hadi hamsini na tano, Mama Chachu akashusha nukta chache zaidi "za akiba ya safari", ikawa hamsini. Ya nyuma ya gari nayo yakapata dawa yake. Mama Chachu akapanda garini ameridhika, kama mtu aliyeokoa tanuri zima la mikate.

Baada ya kilomita thelathini hivi akasimamisha gari tena. Safari hii alisimamisha kwa wasiwasi tu. Na ndiyo, tairi lilikuwa la moto zaidi ya mwanzo, na geji ilisema limepanda upya: hamsini na nane.

"Hamira ya Bwana Geji ni kali," akasema Mama Chachu, akatoa tena, kwa mkono wa ukarimu zaidi. Arubaini na tano. Kidole gumba kikaanza kupata jibu lililozoeleka. "Sasa ndiyo limekuwa la kistaarabu."

Mng'aro akafunga kifuniko cha tairi. Alikuwa na fikra fulani iliyokuwa inamkwaruza, lakini kwa umri wake wote hajawahi kumshinda shemeji yake kwa hoja, na haikuwa siku ya kuanza.

Kilomita ishirini mbele, tela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kama mbwa anayemjua mgeni. Kisha zaidi. Mng'aro akaondoa mguu kwenye mafuta, mikono yake ikabana usukani mpaka vifundo vikapauka.

"Unaendeshaje wewe?"

"Siendeshi mimi, shemeji, naendeshwa! Tela linanivuta kiuno!"

Wakaingiwa na harufu ya mpira ulioungua. Mng'aro akaliachia gari lipunguze lenyewe, taratibu, bila kukanyaga breki kwa hasira, akalisogeza hadi pembeni, mahali palipomwagwa kokoto chini ya mlima ambapo kupanda kunaanza. Wakashuka. Matairi ya tela yalikuwa yametanuka chini kama matako ya mtu aliyekaa kwenye kigoda. Joto lake ulilisikia kabla ya kuligusa.

Saa tatu na dakika kumi. Kilomita ishirini na sita zimebaki, zote za kupanda. Mama Chachu akapiga simu, akaiweka spika.

"Bwana Geji, hujambo? Samahani. Matairi yako yanaungua."

"Yangu?" Nyuma ya sauti yake nyundo ikanyamaza. "Upepo ukoje?"

"Nimetoa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, fundi. Limeumuka nikalitoa hewa. Likaumuka tena, nikalitoa tena."

Nyundo ikawekwa chini.

"Mama Chachu," akasema Bwana Geji polepole, "tairi si donge la unga."

"Hilo nimeanza kulishuku."

"Likikimbia linapata joto, na joto linakuza upepo. Ule wa ziada nilishauhesabu asubuhi likiwa baridi! Ndiyo sababu nikasema pima asubuhi tu. Wewe ukitoa, tairi linalegea, likilegea ubavu unajikunja kila linapozunguka, ukijikunja unazidi kupata moto, geji inapanda tena, na wewe unatoa tena. Umelikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Ndiyo maneno niliyokuwa nataka kumalizia Jumatano."

Mama Chachu akakikunjua kidole gumba. Miaka kumi na tisa kidole hakijamdanganya. Sasa kilikuwa kimemfikisha chini ya mlima akiwa na tanuri baridi. Akakitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesifiwa sana akakamatwa na sukari mdomoni.

"Nifanye nini, fundi?" akasema, na Mng'aro akageuka kusikia, maana sauti hiyo alikuwa haijui.

"Yaacheni yapoe mpaka uweze kuweka mkono ukahesabu ishirini. Chungulia mbavu za nje na za ndani. Ukiona uvimbe au ufa, tairi hilo halisogei. Ukikuta salama, jaza. Tairi bado litakuwa na joto, kwa hiyo tia sitini, si hamsini na tano. Nyuma ya gari hamsini na mbili. Na mama, ungechukua yale ya sinia la harusi, saa hizi ungenipigia simu ukiwa mtaroni."

"Mwambie nimesikia," akasema Mng'aro, macho chini kwenye viatu vyake.

Simu ilipokatwa, Mama Chachu akapiga hesabu. Kupoa nusu saa. Kujaza kwa mguu, Mungu anajua. Kupanda saa nzima. Wafike saa tano na nusu, na tanuri linataka saa moja na nusu ya moto. Saa saba. Saa saba ni mkate wa yule mwenzake anayepiga simu kila siku.

Akazunguka tela. Akazunguka tena. Halafu akaanza kushusha kuni.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nawasha tanuri."

"Hapa? Njiani?"

"Matofali yanajua tuko njiani?" Sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi. "Moto utawaka hapa wakati matairi yanapoa. Tukiondoka nafukua makaa yote, nayazima kwa maji, nafunga mlango. Matofali mia moja na themanini yakishakunywa moto hayausahau kwa saa moja, yanautunza kama mkwe anavyotunza maneno. Tukifika, mikate inaingia moja kwa moja. Loweka magunia matupu uyatundike kwenye matairi ya tela yasipate joto la juu. Upesi!"

Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho ambacho madereva waliopita mlimani siku hiyo watakieleza mpaka uzeeni. Kando ya barabara kuna tanuri linatoa moshi juu ya tela. Mwanamke ameingiza mikono mpaka viwiko kwenye beseni, anaupiga unga ngumi utoe hewa, maana nao ulikuwa umezidi. Na mwanamume, peku, viatu vyake vyeupe vimewekwa juu ya boneti, anaruka juu ya pampu ya mguu kama anayekanyaga siafu.

Mbavu walikuwa wamezichungulia kwanza, Mng'aro amelala chali chini ya tela na tochi ya simu. Zimekwaruzika, zimepata rangi ya kijivu begani, lakini hakuna uvimbe, hakuna ufa. "Ule ugumu aliousema fundi," akasema kutoka chini, "ndio umetuokoa." Kwa mtu aliyetaka sinia la harusi, hiyo ilikuwa toba.

"Mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na moja," akahesabu akikanyaga. "Shemeji, wewe unatoa hewa, mimi natia. Tukibadilishana kazi dunia itasimama?"

"Itapasuka. Kanyaga."

"Mguu umekufa ganzi."

"Una wa pili."

Tairi la tatu alilipokea Mama Chachu, akakanyaga akiwa na unga mpaka mabegani, na la nne wakalimaliza kwa zamu za hamsini hamsini. Kila walipoweka geji, Mama Chachu aliisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na gumba lake alilikunja ndani ya ngumi. Saa nne na nusu, makaa yakafukuliwa, yakamwagiwa maji mpaka yakaacha kuguna, yakafukiwa kwenye kokoto. Mlango wa tanuri ukafungwa na kuzibwa pembeni kwa unga mbichi.

Wakapanda. Gia ndogo, magurudumu yote manne yakivuta, matairi meusi yakiuma kokoto moja moja. Tela lilitulia nyuma kama mtu aliyekemewa. Njia ilipinda kushoto, ikapinda kulia, na Mama Chachu alikuwa akiangalia kioo cha pembeni, haoni mkia ukitikisika, na bado hapumui.

Wakaingia kambini saa tano na dakika thelathini na tatu. Mabanda ya bati, mapipa ya lami, na mnyapara mfupi mwenye kofia ngumu iliyomshinda kichwa, filimbi shingoni. Alilitazama tanuri. Halikuwa na moshi.

"Mama," akasema kwa masikitiko ya mtu aliyeshaamua, "hata moto hujawasha. Nusu saa imebaki. Mimi nilikuambia wazi."

"Uliniambia saa sita. Sasa si saa sita. Sogea kidogo, baba, mdomo huu una hasira."

Akabandua mlango. Mnyapara akanyoosha mkono kuchungulia, akaurudisha haraka akiupuliza. Hakuuliza tena. Mama Chachu akaanza kuingiza mikate kwa sepetu ndefu, kumi, ishirini, arubaini, akafunga, akasimama ameegemea tela. Kwenye unga kidole gumba kilikuwa kimefanya kazi yake, na huko hakuna aliyekipinga.

Harufu ilitoka kwanza ikaenda kwenye banda la vifaa, kisha ikashuka mpaka kwenye mtaro walipokuwa wanachimba. Sepetu na sururu zikaanza kupungua sauti. Saa sita ilipofika, mikate ilikuwa bado haijapata rangi. Mama Chachu aliiona saa ya mnyapara, akamwona mnyapara mwenyewe ameiweka filimbi mdomoni. Mng'aro, aliyekuwa anavaa viatu, akabaki na kimoja mkononi.

Alipofungua mlango na kutoa mkate wa kwanza, wa rangi ya asali iliyokolea, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole ukajibu kama ngoma, ilikuwa saa sita na dakika saba. Ndipo filimbi ikalia.

"Umechelewa dakika saba," akasema mnyapara.

"Filimbi ndiyo iliyochelewa," akajibu Mama Chachu. "Uliniambia ikilia, mkate uwepo. Imelia, huu hapa. Hizo dakika saba ulikuwa umeiweka mdomoni unanusa. Nilikuona."

Watu walikuwa wameshaanza kupanda kutoka mtaroni, sitini na zaidi, mikono imejaa udongo. Mnyapara akamega mkate, akatafuna pole pole akiwatazama wanavyojipanga. Alitaka kuukunja uso lakini mkate ulimzuia.

"Kesho iwe saa sita kweli," akasema hatimaye. Kisha akapaza sauti kuelekea banda la vifaa: "Nyie wawili! Leteni mawe makubwa, mzuie magurudumu ya hili tela. Hapa pana mteremko, na mama huyu haendi popote."